Serendipity: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno lililotoka Sarandibu

Kazi yangu ni kutafsiri riwaya na makala kutoka Kiingereza, na hakuna neno lililonisumbua kama serendipity. Wanafunzi huniuliza, wahariri huniuliza, na shemeji yangu naye aliniuliza siku alipoliona kwenye jina la filamu. Nimeyakusanya maswali yao hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu tu nayapenda.

Maana yake nini hasa?

Ni kukutana na jambo jema ambalo hukulitafuta, ukiwa katika shughuli nyingine kabisa, kisha ukawa na akili ya kulitambua.

Tuseme umeingia kwenye banda la vitabu vya mtumba kumtafutia mtoto kitabu cha hesabu. Chini ya rundo unaona daftari lililoliwa na mende, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tangu asubuhi watu kadhaa wamelishika wakalitupa pembeni. Wewe ulipita chuo cha Kurani utotoni, herufi unazijua. Unasoma mstari wa kwanza, wa pili, unagundua kwamba hiki si Kiarabu, ni Kiswahili, tena ni utenzi. Kitabu cha hesabu umekisahau. Hiyo ndiyo serendipity. Wale waliolitupa daftari walikuwa na bahati ileile ya kulishika, ila haikuwafaa kitu.

Kwa nini lisiitwe bahati tu?

Kwa sababu bahati humkuta hata aliyelala. Mtu anaweza kurithi shamba la mjomba ambaye hakuwahi kumwona, au kuokota elfu kumi barabarani. Hayo ni bahati, na Waingereza wana maneno mengine ya kuyaitia. Serendipity inamtaka mtu awe macho, ajue kitu fulani, na awe na udadisi wa kuuliza "hiki nacho ni nini?" pale wenzake wanapopita.

Vilevile kinachotafutwa kikapatikana hakihesabiki. Ukizisaka funguo nyumba nzima ukazikuta kwenye mfuko wa suruali uliyoivua jana, hiyo si serendipity, hata uzifurahie vipi. Ila kama katika kuzisaka umekuta barua ya babu iliyoeleza kiwanja kilivyonunuliwa, hapo tunaweza kuanza kuzungumza.

Linatamkwaje?

Se-ren-DI-pi-ti, mkazo kwenye "di". Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi husema "serendiPIti". Utaeleweka, usihangaike.

Nani alilitunga?

Hapa tuna raha ambayo wenye kuchunguza asili ya maneno huipata mara chache: tunajua mtunzi, siku na sababu. Mtunzi ni Horace Walpole, mwana wa Robert Walpole anayehesabiwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza. Siku ni tarehe 28 Januari 1754. Alikuwa akimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza huko Florence, Italia.

Urafiki wao wenyewe ni kisa. Walikutana Florence Walpole alipokuwa kijana anayetembea Ulaya. Aliporudi kwao mwaka 1741 ndiyo ikawa mwisho wa kuonana. Waliandikiana barua miaka arobaini na ushei, hadi Mann alipofariki mwaka 1786, bila kutiana machoni tena. Neno hili lilizaliwa katika porojo za marafiki waliotengana.

Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Capello, mwanamke wa Venice aliyeolewa katika ukoo wa Medici, watawala wa Florence. Walpole naye, katika kupekua kitabu cha kale cha nembo za koo za Venice, akakuta jambo kuhusu nembo ya akina Capello lililokwenda sawia na picha ile. Akafurahi kama mtoto. Akamweleza Mann kwamba ugunduzi wa namna hii yeye huuita serendipity, na kwamba amelitoa neno hilo katika hadithi moja, aliyoiita ya kipuuzi, juu ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Wana hao, alisema, kila waliposafiri walikuwa wakigundua, kwa sadfa na kwa werevu, mambo ambayo hawakuwa wakiyatafuta.

Shika maneno hayo mawili, sadfa na werevu. Walpole aliyaweka pamoja. La pili ndilo ambalo karibu kila anayelitumia neno hili leo amelidondosha njiani.

Hao wana wa mfalme walifanya nini?

Aliyekulia hadithi za Abunuwasi atajisikia nyumbani. Mfalme wa Serendip ana wana watatu, amewasomesha kwa walimu bora, sasa anawatoa nje ya nchi wakauone ulimwengu. Njiani wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Hawajamwona mnyama huyo, lakini wanamuuliza: ngamia wako si chongo? Si ana pengo? Si kilema wa mguu? Kisha wanazidisha: amebeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili, na juu yake kapandishwa mwanamke mjamzito. Mwenye ngamia akaona hawa bila shaka ndio wezi. Wakapelekwa mbele ya mfalme wa nchi ile na kutiwa ndani.

Ngamia alipopatikana, mfalme akataka kujua walijuaje. Majani ya njiani, walisema, yalikuwa yameliwa upande mmoja tu, tena ule wenye majani mabaya, na upande wenye majani mazuri haukuguswa. Basi jicho la upande huo halioni. Vijifumba vya majani yaliyotafunwa vilikuwa vimeanguka, kila kimoja saizi ya jino la ngamia. Alama za miguu zilikuwa za miguu mitatu, na wa nne uliburuzwa. Upande mmoja wa njia kulikuwa na msafara wa siafu waliofuata siagi iliyochuruzika, na upande wa pili nzi walikuwa wameizonga asali. Na pale ngamia alipopigishwa magoti, palikuwa na alama za nyayo ndogo, na kando yake alama za viganja: mtu aliyeshuka akachutama, kisha akahitaji kujisukuma kwa mikono ili ainuke. Huyo ni nani kama si mwenye mimba kubwa?

Hadithi hii ilichapishwa Venice mwaka 1557 kwa Kiitaliano, ikapita kwenye Kifaransa, ikafika Kiingereza mwaka 1722. Mizizi yake ni ya Mashariki: mshairi Amir Khusrau wa Delhi alikuwa ameishairi kwa Kiajemi mwanzoni mwa karne ya 14, na Waarabu walikuwa na toleo lao la kale zaidi, la wana wanne wa Nizar na ngamia aliyepotea. Mmoja wa waliolisimulia toleo hilo la Kiarabu ni al-Masudi, yule msafiri wa karne ya 10 aliyefika pwani yetu na kuandika habari za Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanakidhani kuwa Pemba. Kwa hiyo ngamia huyu si mgeni kwetu kiasi hicho.

Kichekesho ni kwamba Walpole hakukumbuka vizuri. Kwenye barua yake ngamia amegeuka nyumbu. Isitoshe, ukiisoma hadithi kwa makini, wale vijana hawakupata kwa bahati jambo lolote jema, ila walisoma alama na kuswekwa gerezani kwa ujuaji wao. Neno lenyewe, basi, limesimama juu ya kumbukumbu iliyoteleza. Mimi nalipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Serendip ni wapi?

Ni Sri Lanka. Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa kile Sarandibu, jina linalotokana na maneno ya Kisanskriti yenye maana ya kisiwa cha Wasinhala. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanakijua: Sindbadi anafika Sarandibu katika safari yake ya sita. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Sri Lanka mwaka 1344 na kuupanda mlima wa Sarandibu, wenye alama ya unyayo ambao Waislamu wengi waliuhusisha na Nabii Adamu. Wazee wetu walikiita kisiwa hicho Seilani.

Mzungu anapolisoma neno serendipity husikia jina la nchi ya hadithini. Kwa mtu wa pwani ya Bahari ya Hindi, Sarandibu ni bandari ambayo majahazi ya bahari yetu yaliijua kwa pepo za kaskazi na kusi.

Neno lilipotungwa lilishika mara moja?

Wapi! Barua ya Walpole ilibaki barua. Ilichapishwa mwaka 1833, na hata hapo hakuna aliyelijali neno. Mwaka 1875 Edward Solly, mkemia aliyependa vitabu vya kale, alilitaja katika jarida moja la wadadisi wa mambo ya kale, na kwa miaka mingi baadaye lilizunguka humo humo, kwa wakusanyaji wa vitabu. Wao walikuwa na haja nalo kweli: mtu anaingia dukani kutafuta kitabu hiki anatoka na kile. Waliolitoa hapo ni wanasayansi. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, aliliwekea sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1945, na mwanasosholojia Robert Merton akaliandikia historia yake pamoja na Elinor Barber. Kwa hiyo neno lililotungwa na mtu wa fasihi lililelewa na watu wa maabara, kisha likarudi kwenye fasihi likiwa limebadilika.

Nipe mifano ya kweli, si ya hadithi.

Unaorudiwa kila mahali ni wa Alexander Fleming: Septemba 1928 anarudi kutoka likizo, anakuta kuvu imeingia kwenye kisahani cha bakteria na bakteria wa jirani yake wamekufa, na badala ya kukitupa anauliza kwa nini. Ndiyo mwanzo wa penisilini. Lakini kwa nini twende London wakati tunayo yetu?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombea. Mwenzake mmoja akaweka ya kwake bila kuchemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Hapo kuna sadfa. Werevu ulikuja baadaye, nao ulimgharimu. Mwalimu wa fizikia alimwambia amechanganya mambo. Alipokwenda Tanga akamuuliza rafiki yake aliyeuza aiskrimu, akaambiwa wao huweka mchanganyiko wa moto, huganda haraka. Akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia nzima. Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama kuuliza swali lilelile huku wenzake wakicheka. Osborne alirudi Dar, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto yameganda kwanza, na akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao. Wanafizikia wanabishana mpaka leo juu ya jambo lenyewe, lakini jina la kijana wa Magamba limo vitabuni.

Mfano mwingine ni wa Laetoli, kusini mwa Olduvai. Mwaka 1976 wanasayansi waliokuwa wakimtembelea Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, walikuwa wakirudi kambini jioni, wakirushiana vinyesi vikavu vya tembo kama watoto. Andrew Hill, katika kukwepa, akajikuta chini, uso karibu na ardhi. Akaona vishimo kwenye mwamba wa majivu ya volkano: alama za matone ya mvua, na nyayo za wanyama. Miaka miwili baadaye zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni tatu na nusu na zaidi iliyopita. Anayeanguka ili asipigwe na kinyesi huwa anainuka na kujifuta vumbi. Hill aliendelea kutazama chini.

Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alisema mwaka 1854, miaka mia kamili baada ya barua ya Walpole, kwamba katika kuchunguza mambo, bahati huipendelea akili iliyojiandaa tu. Sina ushahidi kwamba alimsoma Walpole, na wala hakuhitaji.

Waandishi wa Kiingereza hulitumiaje leo?

Zamani lilikuwa neno la kuonyesha kwamba umesoma. Leo limeenea, hasa kivumishi chake serendipitous na kielezi serendipitously, lakini bado lina harufu ya kabati la vitabu. Katika riwaya hutokea zaidi kinywani mwa msimulizi kuliko mwa wahusika, maana mtu wa kawaida akigongana na rafiki sokoni hasemi serendipity.

Aliyelitumia kwa ufundi ninaoupenda ni John Barth, katika riwaya yake ya mwaka 1991 inayomchezea Sindbadi. Anasema kwamba hufiki Serendib kwa kuichorea njia kwenye ramani. Inabidi ung'oe nanga kwa nia safi kwenda kwingine, kisha upotee. Amelirudisha neno baharini, likawa tena bandari.

Ile filamu ya mwaka 2001 yenye jina hili imelipeleka upande wa mapenzi: wawili wanakutana kwa sadfa, wanaiachia kudra iamue. Wengi wanaoliandika kwenye kadi za harusi wamelipata huko. Kwa Walpole hiyo isingetosha, maana kudra ikifanya kila kitu, werevu wa mtu uko wapi? Ila maneno hayawasikilizi walioyatunga, na nikilikuta kwa maana hiyo kwenye riwaya ya mapenzi silisahihishi.

Nisilitumie wapi?

Usilitumie kwa kushinda droo, kwa kufaulu mtihani uliousomea, wala kwa ajali iliyoisha salama. Na ukishaliandika mara mbili katika ukurasa mmoja, futa mojawapo.

Lina kinyume?

William Boyd alilitungia kinyume katika riwaya yake ya mwaka 1998: zemblanity. Alilitoa kwenye Novaya Zemlya, visiwa vya Urusi huko kwenye barafu, ambako Wasovieti walikuwa wakijaribia mabomu ya nyuklia. Ikiwa Serendip ni kisiwa cha kusini chenye viungo na joto, Zembla, yaani Novaya Zemlya hiyohiyo, ni kinyume chake. Maana yake ni kugundua jambo baya ambalo kwa kweli ulilitarajia na ukalifuata mwenyewe. Halijashika sana. Nadhani sisi tuna "kuchokonoa" na tunatosheka.

Kwa Kiswahili tuliiteje?

Nianze na aibu yangu. Rasimu ya kwanza kabisa niliyowahi kupeleka ilikuwa na sentensi "walikutana kwa bahati nasibu". Niliona nimepatia: bahati ipo, nasibu ipo. Mhariri akaandika pembeni: "Walikutana wakinunua tiketi?" Kweli, kwa msomaji wa leo bahati nasibu ni mchezo wa kubahatisha, una tiketi, droo na gari la zawadi.

Tukiyapima maneno tuliyonayo moja moja: sadfa ni mambo mawili kugongana, na inaweza kuwa njema au mbaya. Kismati na ngekewa ni bahati njema, na ngekewa ina utamu wake wa kizamani, lakini vyote viwili humwangukia hata aliyefumba macho. Kudra na majaaliwa vinampa Mungu kazi yote. Mtaani kuna zali, nalo ni bahati ya ghafla isiyoulizwa imetoka wapi. Katika makala za sayansi naandika "ugunduzi wa sadfa" na sijapata malalamiko, kwa kuwa ndani ya ugunduzi tayari kuna mtu mwenye macho.

Kwenye riwaya hilo ni kavu mno. Huko msaada uko kwenye msemo ambao kila mtu anaujua: kuokota dodo chini ya mwarobaini. Mwarobaini hauzai dodo, na aliyekwenda chini yake alifuata kivuli, au majani ya dawa ya homa. Wanaoutumia msemo huu humaanisha bahati tupu, mara nyingi kwa wivu kidogo, na hapo ndipo mtafsiri anapaswa kuongeza kijiko cha werevu. Nimejaribu njia nyingi. Katika riwaya niliyoimalizia mwaka jana, mhusika ni mtunza maktaba aliyekuta barua za mapenzi ndani ya leja ya kodi, na msimulizi anasema kwa Kiingereza kwamba maisha yake yote yalikuwa kazi ya serendipity. Niliandika: "Maisha yake yote alikwenda chini ya miarobaini kufuata kivuli, na kila mara alikuwa yeye peke yake aliyejua kwamba kilichomgonga kichwani ni dodo."

Mhariri wangu, yuleyule wa tiketi, alikata "kila mara" akaacha mengine.